Noti ya dola tano: siku saba, Malindi mpaka Lamu na kurudi

Siku ya kwanza, Malindi

Hii safari imeanza na noti. Kaka yangu anafanya kazi hotelini hapa Malindi, mgeni mmoja alimwachia bakshishi ya dola tano, na badala ya kwenda kuibadilisha akampa binti yake wa kati aiweke. Sasa jioni nimefika na begi langu kuwachukua watoto manake shule zimefungwa na tunakwenda Lamu kwa bibi yao, sijakaa hata vizuri huyu wa kati ananiletea noti, shangazi, huyu mzee ni nani na mbona ameudhika hivi?

Nikamwambia huyo ni Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani, na hajaudhika, amechoka. Nilimsoma nikiwa chuo na tangu hapo hajanitoka kichwani, kwa hivo nikafurahi sana kuulizwa, nikawaambia nitawapa stori yake kidogo kidogo njia nzima mpaka turudi. Wako watatu. Mkubwa ni mvulana wa miaka 14, hakubali kitu mpaka akuulize maswali manne, wa kati ana 11, na kitinda mimba ana 8 na yeye anachotaka ni vita tu.

Tukaanza barazani na sahani ya viazi karai. Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 huko Kentucky, nyumba ya magogo, chumba kimoja. Alipokuwa na miaka 9 mama yake akafa kwa ugonjwa wa maziwa, yani ng'ombe walikula mmea wenye sumu msituni na maziwa yakageuka sumu, watu wa kijiji wakafa bila kujua ni nini kinawaua. Mwaka uliofuata baba yake akaoa tena, na huyu mama wa kambo, Sarah, alikuja na vitu vyake na vitabu, akampenda yule kijana kama amemzaa mwenyewe. Shule aliyosoma ukiijumlisha yote maisha yake haifiki mwaka mmoja. Yaliyobaki alisoma mwenyewe, mchana na shoka, usiku na kitabu cha kuazima.

Mkubwa akaniuliza, na huku kwetu wakati huo kulikuwa na nini? Nikafikiria kidogo kama nimwambie, nikaona nimwambie. Lincoln alipokuwa rais, mwanzoni mwa miaka ya 1860, Malindi hii ndo ilikuwa inafufuliwa upya chini ya Sultani Majid wa Unguja, mashamba makubwa ya mtama na ufuta yakafunguliwa huku nje ya mji, nafaka ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni, na waliolima walikuwa watumwa. Kwa hivo kule Marekani watumwa wanalima pamba, na hapa tulipokaa watumwa wanalima mtama, miaka ile ile. Wakanyamaza wote. Viazi vikapoa.

Siku ya pili, njiani

Stendi mapema kabla jua halijapanda. Tumevuka daraja la Sabaki, maji mekundu kama kawaida yake, Gongoni, halafu ile nyika ndefu mpaka Garsen na mto Tana. Siku hizi ni lami mpaka mwisho, lakini vizuizi vya polisi viko, watu wazima tunashuka na vitambulisho, tunapanda tena.

Ndani ya basi nikawapa stori ya barua. Oktoba 1860 Lincoln anagombea urais, na msichana mmoja anaitwa Grace Bedell, miaka 11, akamwandikia kwamba uso wako mwembamba mno, fuga ndevu utapendeza, wanawake wanapenda ndevu watawasumbua waume zao wakupigie kura. Na yule mtu mzima, na shughuli zote za kampeni, alimjibu ndani ya siku chache. Halafu akafuga. Mwaka uliofuata treni yake ilipopita mji wa yule mtoto akiwa njiani kwenda kuapishwa, akaomba aitwe, akashuka akamwonyesha ndevu. Huyu wa kati akaitoa noti kwenye daftari akaziangalia zile ndevu muda mrefu sana, unajua yeye pia ana miaka 11.

Alishinda kwa kura kama 40 kwa mia tu manake wagombea walikuwa wanne, na majimbo 10 ya kusini jina lake hata halikuwekwa kwenye kura. Kabla hajaapa, majimbo saba yalikuwa yameshajitoa kwenye nchi, kwa sababu waliogopa atawazuia kuupeleka utumwa kwenye ardhi mpya za magharibi. Hebu fikiria unakabidhiwa nyumba na ukuta mmoja umeshaanguka. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ikapigwa ngome ya Sumter, vita vikaanza, majimbo mengine manne nayo yakaondoka. Kitinda mimba alikuwa ameamka kwa ajili ya mizinga, lakini tulipofika Witu alishalala tena mdomo wazi. Basi likasimama dakika chache, tukanunua ndizi dirishani, tukaondoka. Hakuna aliyetazama nje.

Mokowe saa nane mchana, boti, na Lamu ile pale, nyeupe, na punda wanatungoja gatini. Mama alikuwa mlangoni. Tukamwamkia, akatupa mkono tukaubusu, ndani mikate ya mofa na samaki wa kupaka iko tayari.

Usiku wa kati akamwonyesha bibi yake noti. Mama ana miaka 80 na kitu, akavaa miwani, akaisogeza kwenye taa, akasema, "Huyu ana mato ya mtu alofiwa." Sikuwa nimemwambia chochote mimi. Nikawaeleza hapo hapo, ni kweli, alikuwa na watoto wanne wa kiume, Eddie alikufa hajafika miaka minne, na Willie alikufa tarehe 20 Februari 1862, ndani ya ikulu, homa, katikati ya vita. Alikuwa na miaka mingapi, akaniuliza wa kati. Kumi na moja. Mama akairudisha noti taratibu. Yeye alizika wawili kabla ya kutupata sisi, na hiyo hatukuizungumza.

Siku ya tatu, mjini

Asubuhi Mkunguni, chini ya miti, mbele ya ngome. Ngome hii ilijengwa baada ya vita vya Shela, ikaja kumalizika mwaka 1821, baadaye ikawa jela mpaka miaka ya 1980, sasa ni makumbusho. Tukapanda juu, tukaona mapaa ya makuti na bahari. Tukapita Usita wa Mui tukibanana ukutani kila punda akija, basi hiyo ndo asubuhi.

Mchana kukatokea ugomvi. Wa kati kagombana na rafiki yake wa Malindi kwenye simu ya kaka yake na kamwandikia ujumbe mrefu mkali, kidole kiko juu ya kutuma. Sikumnyang'anya simu, nilimwita nikamwambia njoo nikupe stori ya jenerali Meade kwanza halafu uamue.

Julai 1863, Gettysburg, siku tatu za kupigana, ukihesabu waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea wa pande zote mbili ni watu kama 50,000. Jeshi la Lincoln likashinda. Adui, jenerali Lee, anarudi nyuma na mto umefurika mbele yake, hana pa kupita, na Meade ambaye ndo kamanda wa Lincoln akachelewa kumfuata, maji yakapungua, Lee akavuka na jeshi lake lote. Lincoln aliumia vibaya sana, aliamini vita vingekwisha pale pale. Akakaa akamwandikia Meade barua, kwamba umeiacha nafasi ya dhahabu ikapita, na mimi nina huzuni isiyo na kipimo kwa hilo. Akaikunja. Akaitia kwenye bahasha, na juu yake akaandika kwamba haikutumwa wala haikutiwa sahihi. Walikuja kuikuta kwenye makaratasi yake ameshakufa.

Mimi kwenye maisha yote ya huyu mtu hiki ndicho ninachokipenda kuliko vingine. Hasira ilikuwepo, na ilikuwa ya haki, aliiandika yote mpaka mwisho, lakini aliangalia pia kwamba Meade kapewa jeshi siku chache tu kabla ya vita, wenzake wamekufa, na kesho bado atamhitaji. Na si Meade peke yake. Kuna wakili mmoja, Edwin Stanton, mwaka 1855 walipewa kesi moja Stanton akamdharau waziwazi, hata kumkaribisha mezani hakumkaribisha. Mwaka 1862 Lincoln anatafuta waziri wa vita, akaangalia nani anaiweza hiyo kazi, akamchagua Stanton. Stanton huyo huyo ndiye alikuja kulia kitandani kwake siku ya mwisho.

Wa kati akachukua simu akaenda nayo ukumbini. Sikumfuata.

Siku ya nne, Mkanda

Leo tulikuwa twende Pate kumwona mjomba wa mama, tukarudi usiku na matope mpaka magotini.

Kwa asiyejua, boti za kwenda Pate zinapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na unapitika maji yakiwa yamejaa. Nahodha wetu alichelewa kuondoka manake kuna abiria mmoja na magunia yake alikuwa anangojwa, na maji hayangoji mtu. Katikati ya Mkanda tukasikia chini kwaruuu, injini ikazimwa, tumepwelewa. Baharia akatia upondo, wanaume wakashuka wakasukuma, fungu halikutuachia. Nahodha akasema tulieni, mpaka maji yarudi. Saa tano tulikaa pale, na jua, na mbu wa mikoko.

Watoto wakaanza kununa, na mimi roho ikafurahi kabisa, nikawaambia jamani mnajua kwamba Lincoln naye alipwelewa? Tena kukwama kwa vyombo alikuona mara mbili, mara moja chake mwenyewe na mara moja cha wengine.

Ya kwanza ni mwaka 1831, ana miaka 22, yuko kwenye mashua bapa ya mizigo wanateremka mto Sangamon kwenda mpaka New Orleans, mashua ikapanda juu ya bwawa la kinu pale kijiji cha New Salem, mbele iko hewani na nyuma inaingia maji. Kijiji kizima kikatoka kutazama. Yeye akapakua sehemu ya mizigo, akatoboa tundu kule mbele. Tundu kwenye chombo! Baharia wetu aliyekuwa anasikiliza akashtuka kabisa. Lakini kule mbele kuko hewani na mizigo imepungua, kwa hivo mashua ilipoinama maji yalikimbilia mbele yakamwagika kwenye lile tundu, akaliziba, chombo kikavuka. Watu wa New Salem hawakumsahau, na kijiji hicho ndicho alichokuja kuishi, akawa muuza duka, duka likafa likamwachia deni alilolipa kwa miaka mingi, akawa mkuu wa posta, akajisomea sheria mwenyewe.

Mara ya pili ameshakuwa mbunge, akasafiri kwa meli kwenye yale maziwa yao makubwa, akaona meli nyingine imekwama kwenye fungu, nahodha anasukumia chini yake mapipa matupu na mbao ili inyanyuke. Akarudi nyumbani na hilo jambo kichwani, akachonga mfano wa meli kwa mti, yenye mifuko mikubwa ubavuni chini ya maji, chombo kikifika pasipo na kina unaijaza hewa, kinainuka, kinavuka. Serikali ikampa hataza ya uvumbuzi huo tarehe 22 Mei 1849, namba 6469. Haikutumika kibiashara lakini mpaka leo hakuna rais mwingine wa Marekani mwenye hataza.

Hapo boti nzima ikaingia kwenye mjadala. Baharia anasema mifuko itachanwa na chaza, mzee mmoja wa Siyu anasema itafaa ukiifunga juu ya mkuku, mkubwa wetu anachora kwenye mchanga na upondo, nahodha mwenyewe kakubali kwamba kwa Mkanda hii ingefaa. Nadhani Lincoln angekaa na sisi pale kwa furaha kubwa, alipenda sana watu wenye kazi za mikono na alipenda stori. Maji yakarudi, boti ikajinyanyua yenyewe taratibu, ikawa haina maana kuendelea na kiza kile, tukageuza. Mjomba wa mama tumemsalimia kwa simu.

Siku ya tano, usiku

Mchana tulipumzika, hakuna la kueleza. Usiku umeme ukapotea, tukapandisha mkeka darini, mama na kanga yake, nikaona leo ndo siku ya lile jambo lenyewe.

Nikawaambia msimfanye malaika. Lincoln alichukia utumwa tangu ujana lakini alipoingia madarakani alisema anapigania nchi isivunjike, si kuwaachia watumwa, na mpaka Agosti 1862 aliwaita viongozi weusi ikulu akawaambia afadhali watu wao wakahamie nchi nyingine. Watu weusi waliozaliwa pale! Inauma kuisoma. Lakini huku chini mambo yalikuwa yanakwenda bila kumngoja. Mei 1861, vita vina mwezi na kitu tu, wanaume watatu watumwa, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipiga kasia usiku wakavuka maji mpaka ngome ya Monroe iliyoshikwa na jeshi la Lincoln. Aliyewamiliki akatuma mtu kuwadai. Jenerali Butler pale ngomeni akakataa kuwarudisha. Habari ikasambaa, kesho wakaja wengine, keshokutwa wengine, na wanawake na watoto, mpaka ikawa maelfu kwa maelfu wanakimbilia kila kambi, na serikali ikalazimika kujibu, hawa watu sasa ni nani?

Lincoln akajibu. Septemba 1862 alitoa onyo, na tarehe 1 Januari 1863 akatia sahihi Tangazo la Ukombozi. Alikuwa ameshikana mikono na wageni wa mwaka mpya kwa saa kadhaa, mkono unatetemeka, akaiweka kalamu chini kwanza mkono utulie, hakutaka mtu aje aone sahihi imeyumba aseme alisitasita.

Mkubwa akaingia na maswali yake. Aliwaachia wote? Hapana, wale wa majimbo yaliyoasi tu. Na yale majimbo ya utumwa yaliyobaki upande wake? Hayakuguswa, na Kentucky alikozaliwa ni mojawapo. Kwa hivo pale alipokuwa na nguvu hakuwaachia, na kule asikokuwa na nguvu akawaachia? Nikamwambia watu walimuuliza hivo hivo wakati ule, na jibu ni kwamba tangazo lilikuwa amri ya vita, katiba haikumpa nguvu kwa yale mengine, ndo maana akapigania kubadilisha katiba yenyewe na bunge likapitisha Januari 1865. Na tangazo lilifungua jeshi, watu weusi karibu 180,000 wakavaa sare. Wakalipwa kidogo kuliko weupe. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa akatoroka, alikwenda ikulu Agosti 1863 kumlalamikia uso kwa uso, na malipo yakaja kusawazishwa mwaka 1864. Si wengi wenye madaraka wanaoweza kuambiwa hivo wakasikiliza. Huyu aliweza, na alizidi kubadilika mpaka wiki yake ya mwisho duniani.

Mkubwa hakuridhika. Akasema, lakini wale watatu wa kasia ndo walianza.

Hapo mama akasema, "Na huku je?"

Nikadhani anauliza tarehe, nikaanza kumwambia soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na pwani yetu hii utumwa haukuondolewa kisheria mpaka 1907, miaka 42 baada ya Lincoln kufa. Mama akasema, "Hayo yako yameandikwa. Miye nauliza kwetu."

Akasema mama wa nyanya yake alikuwa mtumwa kwenye shamba la bara, ng'ambo hapo. Akatoroka usiku na mwenzake mmoja, zamani za kae, kabla Waingereza hawajauchoma Witu, na huo ulichomwa 1890. Alikimbilia Witu manake Sultani Ahmed, yule waliyemwita Simba, alikuwa anapokea watoro, wakalima na wakamshikia silaha. Mwenzake hakufika. Yeye alifika, akaolewa huko huko, na nyanya yake mama akazaliwa Witu, hakuna mtu aliyemmiliki. Nyanya huyo alimhadithia mama akiwa mdogo, mara moja tu, wakichambua mchele, akamwambia usiseme nje.

Mimi nina miaka 38. Sijawahi kuisikia. Nikamuuliza mama mbona hukutwambia, akasema, "Watu wa mui huu wakiijua wangewachukuliaje? Mungeolewa na nani?" Halafu baadaye sana, watoto nadhani wamelala, akasema anamkumbuka babu yangu akisifu Habib Swaleh, yule mwanachuoni wa msikiti wa Riyadha hapa Lamu, kwamba alikaa darasa moja na watu ambao wengine waliona aibu kukaa nao. Akaishia hapo, na mimi nikamwacha.

Wa kati hakuwa amelala. Akauliza, alikuwa anaitwa nani? Mama akalitaja jina. Sitaliandika hapa, mama hajaniruhusu.

Siku ya sita, Shela

Tukatembea kwa miguu mpaka Shela, watoto wakaogelea. Kitinda mimba akataka mwisho wa stori nikampa bila kuivuta. Tarehe 4 Aprili 1865 Lincoln aliingia Richmond, mji mkuu wa waasi uliokuwa umeanguka jana yake, kamshika mkono mwanawe Tad, na siku hiyo Tad alikuwa anatimiza miaka 12. Watu waliokuwa watumwa wakamzunguka, inahadithiwa mmoja akampigia magoti, Lincoln akamwambia usinipigie mimi magoti, mpigie Mungu. Tarehe 9 Lee akasalimu amri. Tarehe 11 Lincoln akasema hadharani kwamba baadhi ya watu weusi wapewe kura, na kwenye umati alikuwepo mwigizaji John Wilkes Booth. Tarehe 14 usiku, Ijumaa, Booth akampiga risasi akiwa amekaa na mkewe ukumbi wa maigizo wa Ford. Asubuhi akafa. Miaka 56.

Kitinda mimba akauliza Tad alikuwa na nani usiku huo. Alikuwa kwenye ukumbi mwingine anatazama mchezo wa watoto, akaambiwa pale pale. Kitinda mimba akarudi baharini lakini hakuogelea, alisimama tu maji ya magoti.

Siku ya saba, kurudi

Mama alitusindikiza mpaka gatini, jambo ambalo siku hizi halifanyi kwa ajili ya miguu. Wa kati akataka kumwachia noti. Mama akakataa, akamwambia iweke wewe, akamwongeza kitambaa chenye visheti vya njiani.

Boti, Mokowe, basi, Hindi, Mpeketoni, vizuizi. Nikapitiwa na usingizi kidogo. Nilipoamka wote watatu wamehamia upande mmoja wa basi, mkubwa kamwamsha kitinda mimba, na abiria mmoja anawalalamikia wanaziba dirisha. Tumefika Witu. Wauza ndizi wakaja, hakuna aliyenunua. Basi likaondoka, wa kati akasukuma kioo mpaka mwisho, upepo na vumbi vikaingia, watu wakapiga kelele afunge, hakufunga, akatazama ule msitu mpaka ukaisha.